Ushauri: Ripoti ya fedha za ARPA ni Aprili 30, azimio la baraza linatosha kuwa ushahidi?

karani_peke_yake
Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni karani wa mji mdogo huku Marekani, wakazi hawafiki 2,500. Tulipokea fedha za ARPA (msaada wa serikali ya shirikisho wa kipindi cha korona) kupitia jimbo kwa awamu mbili, 2021 na 2022, jumla dola 412,600. Dola 196,000 zilikwisha zamani. Zilizobaki, 216,600, ni za bomba jipya la maji.

Ripoti ya mwaka inatakiwa Hazina ya Marekani Alhamisi, Aprili 30. Baraza la mji lilipitisha azimio la bomba Desemba 10, 2024. Je, azimio hilo linatosha kuonyesha kwamba fedha zilifungwa, yaani ziliahidiwa kisheria, kufikia siku ya mwisho, Desemba 31, 2024? Mkaguzi anataka ushahidi na mimi usingizi sina.

Salio_Anzia
Kabla ya yote, usajili wenu wa SAM.gov, tovuti ya wanaopokea fedha za shirikisho, uko hai? Unaisha kila mwaka na watu husahau. Ingia leo. Jina la mji na anwani vikitofautiana hata herufi na nyaraka zenu, uhakiki unaweza kuchukua wiki kadhaa. Na hakikisha namba ya utambulisho mnayotumia ni UEI. Ile ya zamani, DUNS, iliachwa Aprili 4, 2022.

karani_peke_yake
Ahsante, SAM iko hai mpaka Septemba. Swali langu ni azimio.

mzee_wa_leja
Azimio halitoshi. Baraza kutenga fedha ni bajeti tu. Kufunga fedha ni pale mji unapoingia deni na mtu wa nje: mkataba uliosainiwa, oda ya manunuzi iliyotumwa, makubaliano na taasisi nyingine. Kwa hiyo azimio liweke pembeni. Mkataba wa bomba ulisainiwa lini?

Mama Vocha
Na fedha hizo mliziandika kundi lipi la matumizi kwenye ripoti? 5.11, mabomba ya maji safi, au 6.1, huduma za serikali? Jibu hilo ndilo litaamua una mlango wa pili au huna.

karani_peke_yake
6.1 yote. Tulichagua ile posho ya kawaida ya hasara ya mapato: fedha zisizozidi dola milioni 10 zinahesabiwa kuwa fidia ya mapato yaliyopotea, bila kupiga hesabu ya hasara yenyewe. Mkataba ulisainiwa kipindi kilekile cha mwisho wa mwaka.

mzee_wa_leja
"Kipindi kilekile" si tarehe.

Tembo_wa_Ohio
Hahaha mzee kashika shingo. Dada (au kaka), taja siku.

karani_peke_yake
Januari 14, 2025. Lakini zabuni ilifunguliwa Desemba na mshindi alijulikana. Ni likizo tu iliyotuchelewesha. Kwenye ripoti ya Aprili 2025 nilishaandika kwamba zote 412,600 zimefungwa. Mkandarasi ni mtu mwema, amesema yuko tayari tusaini upya nakala yenye tarehe ya Desemba 30. Kazi imefanyika, bomba lipo chini, dola 88,000 ameshalipwa. Hakuna aliyeiba hata senti. Ni mstari mmoja wa tarehe.

Ustaadh Mizani
Njia ya mwongo ni fupi. Fedha ya umma ni amana. Tumekimbia nyumbani tukilalamikia mambo haya haya, tumefika ugenini tunayapanda upya. Mrudishie mkandarasi kalamu yake.

Mama Vocha
Ustaadh kasema kwa dini, mimi nasema kwa makaratasi. Tarehe ya mkataba haikai peke yake. Bondi ya utekelezaji, yaani dhamana kwamba mkandarasi atamaliza kazi, ina tarehe ya kampuni ya bima. Cheti cha bima kina tarehe. Ilani ya kuanza kazi kutoka kwa mhandisi ina tarehe. Muhtasari wa kikao unaonyesha meya aliruhusiwa kusaini lini. Faili la PDF lina kumbukumbu ya siku lilipotengenezwa, na barua pepe za mkandarasi ziko kwake, huwezi kuzifuta. Mkaguzi hupanga hivi vyote kwenye mstari mmoja kwa dakika kumi. Ukishathibitisha ripoti hiyo, kosa la kuchelewa limegeuka tamko la uongo kwa serikali ya shirikisho: sheria za Marekani, kichwa cha 18, kifungu cha 1001, mpaka miaka mitano jela. Anayethibitisha kwenye mfumo ni nani, wewe au meya?

karani_peke_yake
Jina langu ndilo lililopo kama mwakilishi aliyeidhinishwa. Meya alisema yeye hajui kompyuta.

Tembo_wa_Ohio
Meya anajua kompyuta vizuri sana. Ndiyo maana jina ni lako.

karani_peke_yake
Mnanihukumu bure. Miaka yote ripoti za robo mwaka nimepeleka kwa wakati, sijawahi kuandikiwa barua. Miji mingine inafanya hivi na maisha yanaendelea.

Nyundo
Simameni hapo. Ripoti za ROBO MWAKA? Mji mdogo wa aina hiyo uliopata chini ya dola milioni 10 huripoti Hazina mara moja kwa mwaka, Aprili. Karani anayejaza mfumo ule angejua hata akiwa usingizini. Hii ni chai, wakuu. Huyu ni mwanafunzi wa uhasibu, anataka tumfanyie kazi ya darasani. Au ndiye mkandarasi mwenyewe anapima upepo.

Salio_Anzia
Hata mimi nilishangaa kwamba SAM iko hai. Hilo peke yake linatia shaka 😂

Tembo_wa_Ohio
Chai ina tangawizi. Niongezeeni kikombe.

karani_peke_yake
Robo mwaka ni ya jimbo, ruzuku nyingine ya maji, nimechanganya kwa hasira. Ya Hazina inafunika Aprili 1 mpaka Machi 31. Mfumo unataka fedha zilizofungwa na zilizotumika, jumla tangu mwanzo na za kipindi hiki peke yake. Mwaka jana niliweka za kipindi kwenye kisanduku cha jumla, mfumo ukanikatalia mara tatu. Nyundo, kama ni chai, uje uinywe ofisini kwangu.

Nyundo
Kisanduku cha jumla kinamshika kila mtu. Sawa, nusu nimeamini.

mzee_wa_leja
Chai au si chai, wapo makarani wengine wenye shida hii, tuijibu.

Bahati yako ni 6.1. Huduma za serikali ni karibu kila kitu ambacho mji hufanya kwa kawaida: polisi, barabara, zimamoto, takataka. Zilizokatazwa ni chache, kama kulipa deni, kuweka akiba, kulipa fidia ya kesi. Na gharama zinahesabika kuanzia Machi 3, 2021. Kwa hiyo tafuta gharama za aina hiyo zilizotokea na kulipwa na mfuko mkuu (fedha za kawaida za mji) kati ya tarehe hiyo na Desemba 31, 2024, zifike 216,600. Fedha za ARPA zigharamie hizo. Mfuko mkuu unapata nafasi, na nafasi hiyo ndiyo inayolipa bomba. Mkataba wa Januari 14 unabaki na tarehe yake halali, maana si wa ARPA tena. Hazina inaruhusu kuhamisha fedha kwenda kwenye gharama iliyokwisha kufungwa kabla ya mwisho wa 2024. Kwenda kwenye mkataba mpya, hapana.

Zile 88,000 zilizokwisha kwenda kwa mkandarasi zitoe kwenye mfuko wa ARPA kwa ingizo la marekebisho, uzipeleke mfuko mkuu au wa maji. Vitabu vilivyofungwa usivifungue, muulize mkaguzi ingizo likae mwaka upi.

Mama Vocha
Ukichukua mishahara kama gharama hizo, hapo ndipo watu huumia. Chukua orodha ya malipo, karatasi za saa na leja, uziambatanishe. Kisha pitia jina kwa jina: kuna polisi aliyelipwa na ruzuku nyingine ya shirikisho? Mtoe. Gharama moja haiwezi kulipwa mara mbili.

Angalia pia ukaguzi wa pamoja, ule wa lazima kwa anayetumia fedha nyingi za shirikisho kwa mwaka. Mwaka wenu wa fedha unaanza Julai? Kwa mwaka ulioanza Julai 2025 kizingiti ni dola 1,000,000 za shirikisho zilizotumika. Kwa ule ulioanza Julai 2024 bado ni 750,000. Ukibeba 216,600 zote mwaka mmoja, jumlisha na ile ruzuku ya maji kama chanzo chake ni shirikisho.

Ustaadh Mizani
Na ripoti ya mwaka jana, ile yenye uongo?

mzee_wa_leja
Hilo halikwepeki. Wakili wa mji aambiwe kwanza, baraza lipitishe uhamisho kwenye kikao cha wazi, halafu iandikwe barua kwa Hazina inayotaja Januari 14 kama ilivyo. Katika mfumo, mradi wa bomba ushuke mpaka sifuri, mradi wa huduma za serikali uongezwe. Makaratasi yote yakae miaka mitano baada ya dola ya mwisho kutumika, na ya mwisho isipite Desemba 31, 2026.

karani_peke_yake
Meya hatapenda.

Tembo_wa_Ohio
Mpe yeye nenosiri.

karani_peke_yake
Nimerudi. Mkandarasi nimemwandikia kwamba nakala mpya haitakuwepo. Wakili ananipigia kesho. Nimepitia mishahara ya polisi na barabara 2023 na 2024. Polisi mmoja alilipwa na ruzuku nyingine, nimemtoa. Nimebaki na 203,900. Zinapungua 12,700.

Mama Vocha
Chumvi ya barabarani ya msimu wa baridi, ankara zipo?

karani_peke_yake
Zipo. Februari 2024, dola 13,150.

Mama Vocha
Weka 12,700 tu. Ankara yote iambatanishe, na pembeni andika kiasi ulichochukua.