Naomba ushauri: naitreti kwenye visima vya Lamu
Asalaam aleikum ndugu zangu. Nasoma jiolojia ya mazingira, napima naitreti (chumvi ya naitrojeni inayotokana na kinyesi na mbolea) katika visima vya mji wa kale. Kisima cha nyanya yangu kiko hatua kumi kutoka choo cha shimo, na punda wanalala ubavuni mwake. Vijiti vya kupimia vimepita miligramu 50 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani. Nyanya ananiambia, "Si tutachemsha?" Kumbe kuchemsha ndiko kunazidisha: maji hupungua, naitreti inabaki.

Tatizo, isotopu za naitrojeni (atomi zake zenye uzito tofauti, zinazotumika kutambua chanzo) hazitenganishi vizuri choo na samadi ya punda. Mliowahi kufanya kazi hii, niongeze kipimo cha boroni (elementi iliyomo kwenye baadhi ya sabuni), au nitafute kafeini (punda hawanywi chai)? Na sampuli nizifikishe vipi Nairobi salama, ilhali barafu niliyo nayo ni ya wavuvi tu?