Tupeane uzoefu: kuchuliwa baada ya kuumia michezoni, lini kulikufaa na lini kulikuzidishia jeraha?

Habari zenu wanamichezo. Naomba tukusanye hapa uzoefu wetu wa kuchuliwa baada ya kuumia, kwa sababu mara nyingi uamuzi hufanywa pembeni mwa uwanja na yeyote mwenye mikono yenye nguvu na dawa ya kuchulia, hata kabla haijajulikana ni nini hasa kilichoumia. Naanza mimi.

Niligongwa na goti la mpinzani katikati ya paja, upande wa mbele. Mwenzangu alitaka kunichua palepale, lakini mtaalamu wa fiziotherapia alimzuia, akatueleza kwamba pigo kama lile hupasua mishipa midogo ya damu ndani ya msuli, na kwamba kuukandamiza mapema huongeza kuvuja kwa damu na huweza hata kusababisha mfupa kuota ndani ya nyama. Alinikunja goti polepole hadi kiwango nilichoweza kuvumilia, kisha akalifunga kwa bendeji ya kuvutika likiwa bado limekunjwa, ili msuli usikakamae ukiwa mfupi. Siku zilizofuata nililala kifudifudi kila asubuhi, nikapima ni kwa kiasi gani kisigino kilikaribia tako. Kuchuliwa kulikuja baadaye kabisa, kwa mkono mwepesi, na kulinifaa.

*Mchangiaji wa pili*
Mimi ni mkimbiaji, na tatizo langu lilikuwa kano ya kisigino. Kila nilipochuliwa shavu la mguu nilipata nafuu ya muda mfupi, kisha hatua za kwanza za asubuhi zikawa chungu vilevile. Kilichobadilisha hali ni zoezi lililoelezwa mwaka 1998 na daktari Msweden Håkan Alfredson na wenzake: unasimama kwenye ukingo wa ngazi kwa vidole, unapanda kwa mguu usiouma, halafu unajishusha taratibu kwa mguu unaouma peke yake. Hufanywa mara 15 kwa mizunguko 3, goti likiwa limenyooka, kisha tena likiwa limekunjwa kidogo, mara mbili kwa siku kwa wiki 12. Maumivu kiasi wakati wa zoezi yanaruhusiwa, jambo lililonishangaza, kwani nilizoea kuambiwa nipumzike mpaka yaishe. Tahadhari moja: ambaye maumivu yake yako pale kano inaposhikana na mfupa asishushe kisigino chini ya usawa wa ngazi.

*Mchangiaji wa tatu*
Niliteguka kifundo cha mguu na sikuweza kupiga hatua nne, kwa hiyo nilipelekwa kupigwa picha ya eksirei kabla ya mtu yeyote kunigusa. Mfupa ulikuwa mzima. Baada ya hapo, kusimama kwa mguu mmoja huku nikipiga mswaki kulinirudishia uthabiti kuliko mafuta yoyote.

*Mwanzisha mada*
Asante sana. Kuhusu barafu, ambayo wengi mtaiuliza: Daktari Gabe Mirkin, aliyeeneza kanuni ya kupumzika, barafu, kufunga na kuinua mguu mwaka 1978, baadaye mwenyewe aliandika kwamba barafu na mapumziko ya moja kwa moja huweza kuchelewesha kupona. Binafsi naitumia kwa muda mfupi, kwa ajili ya kutuliza maumivu tu.

*Mchangiaji wa nne*
Naomba hili lisomwe na kila anayechua wenzake. Dada yangu alifanyiwa upasuaji wa goti, na alipokuwa bado analala kitandani muda mwingi, shavu la mguu mmoja likavimba, likawa la moto na lenye kuuma. Kila mtu alidhani msuli umekaza na mchuaji alikwishaitwa, ila mama akasisitiza aonwe na daktari kwanza. Lilikuwa donge la damu kwenye mshipa, ambalo likisukumwa huweza kung'oka na kwenda kuziba mapafu. Alitibiwa kwa dawa za kuzuia damu kuganda.

*Mwanzisha mada*
Namshukuru mama yenu kwa msimamo wake. Waliofanyiwa upasuaji wa kano ya goti, tunawasubiri: mlirudi kucheza baada ya miezi mingapi, mlipimwa nguvu za miguu yote miwili kabla ya kuruhusiwa, na kuna aliyerudi kabla ya miezi 9?