Mjadala: Basi la usiku lina madereva wawili, sawa. Wamelala lini?

Saa Kumi Usiku (mleta mada)
Wakuu, tangu mabasi yaruhusiwe tena kukesha barabarani Oktoba 2023, ukigusa usingizi wa dereva unajibiwa, "Wapo wawili." Kanuni hiyo ya madereva wawili kwa safari inayozidi saa 8 inahesabu muda wa usukani, haihesabu saa ya mwili. Saa hiyo iko ubongoni na hurekebishwa na mwanga unaoingia machoni. Kati ya saa nane na saa kumi na moja usiku joto la mwili hushuka na umakini hushuka nalo, hata kwa aliyelala mchana. Piga hesabu: basi lililotoka Dar saa kumi jioni linapita Dodoma kama saa saba usiku. Muda mbaya unalikuta Bahi, Kintinku, mlima Saranda, Manyoni, hadi Singida. Kilomita kama 240 za giza. Napendekeza LATRA, mamlaka ya usafiri wa nchi kavu, ilazimishe kituo cha dakika 40 Manyoni.

Breki ya Upepo
Dakika 40 na abiria wanaowahi mazishi Mwanza? Halafu Wahadzabe wetu wa Ziwa Eyasi walipimwa, matokeo yakatoka 2015: wao, Wasan na Watsimane wa Bolivia walilala wastani wa kati ya saa 5.7 na 7.1 kwa usiku, na afya wanayo. Suka (dereva) akipata saa sita za gesti zinamtosha.

Saa Kumi Usiku
Utafiti huo unakugeuka, mkuu. Wale walilala usiku, wengi wakaamka kabla jua halijachomoza. Saa sita za mchana si sawa na hizo: ikifika adhuhuri mwili wenyewe unamwamsha kabla hajashiba. Ongeza joto la bati na honi za stendi ya Nanenane, Dodoma.

Nesi wa Nzuguni
Kituo kiwepo, ila kisiwe cha chipsi. Dereva anywe kikombe cha kahawa kwanza, kisha alale dakika 20. Kahawa huchukua dakika 20 hadi 30 kufanya kazi, kwa hiyo inamkuta anaamka. Akipitiliza nusu saa anaingia usingizi mzito, na akizinduliwa humo anabaki na bumbuwazi: macho yako wazi, mguu unachelewa breki. Hapa ndipo naona hatari kubwa kuliko zote mlizotaja, kupokezana kwa papo hapo. Suka wa pili anagutushwa siti ya nyuma, anaambiwa "shika chombo", dakika mbili baadaye yuko kwenye kona za Saranda. Aamshwe angalau dakika 20 kabla, anawe uso, atembee. Redio na upepo wa dirishani vinasaidia kwa dakika chache tu. Mirungi, achilia mbali sheria, inaficha usingizi tu; deni liko palepale.

Gia ya Tatu
Na huyo wa pili aliamka lini? Dawson na Reid wa Australia walionyesha mwaka 1997 kuwa aliyekaa macho saa 17 anafanya kazi kama mwenye pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu. Aliyeamka saa kumi na moja alfajiri anatimiza hizo 17 saa nne usiku, Dodoma bado. VTS (mfumo wa kufuatilia mabasi) na kitufe anachojitambulisha nacho dereva vinaonyesha nani anaendesha, si nani amelala. Mmoja akibeba vitufe viwili, mfumo unaona watu wawili. Angalau mfumo ukatae kitufe cha aliyemaliza safari mpaka apumzike muda wa saa 12.

Breki ya Upepo
La kitufe nakubali. Manyoni bado napinga, basi lililosimama gizani lina hatari zake. Badilisheni dereva Dodoma: apande aliyelala kwake, wa Dar ashuke akalale.

Nesi wa Nzuguni
Hiyo ni nzuri kuliko kituo, kwa sharti moja. Huyo wa Dodoma awe amelala saa mbili hadi saa sita usiku, kitandani, chumba giza, simu imezimwa. Saa kumi itamlemea vilevile, ila si kama aliyekesha tangu Dar.

Gia ya Tatu
Hizo saa nne za kitandani zinalipwa na nani, mwenye basi au nauli? Maana asipolipwa, jioni hiyo utamkuta kwenye bodaboda.