Land Rover 109 Series III: nyaya za taa za nyuma zimechoka, niunge au nivute mpya zote?

mzee_wa_109 (Sakina, Arusha)

Wakuu habari za jioni. Nina 109 Series III, ilikuwa ya watalii zamani hizo, imeshuka sana krata ya Ngorongoro na Serengeti, halafu ikapaki miaka nyuma ya ghala huko Ngaramtoni mpaka nilipoichukua. Injini tayari, giaboksi tayari, chesisi imeshapigwa rangi, sa hivi nimekwama kwenye taa za nyuma. Nikiwasha pakingi kushoto inawaka safi, kulia inawaka kama kibatari. Nikikanyaga breki kushoto stopu inakuja vizuri ila kulia haiji, badala yake ile pakingi inafifia zaidi na indiketa ya kulia inawaka nusu nusu wakati mi sijagusa indiketa kabisa. Globu zote mpya.

Nyaya zenyewe ukizikunja plastiki inapasuka, ndani shaba imekuwa nyeusi na kuna sehemu ina kijani, na nyuma pale karibu na taa watu wameunga na kuunga tena kwa tepu mpaka rangi hazieleweki. Fundi mmoja Unga Limited kaniambia tukate palipooza tuunge, kazi ya saa moja tu. Mwingine anataka avute waya mpya zote ila zote nyekundu kwasababu ndo anazo. Mi hii gari nataka iwe kama ilivyotoka kiwandani na nataka iende Moshi usiku bila wasiwasi, ile barabara mnaijua, ukiwa kati ya uwanja wa ndege wa KIA na Boma Ng'ombe fuso likikukuta huna stopu ni hatari tupu. Naombeni ushauri wa anayezijua hizi gari.

fundi_waya_pasua (Moshi)

Mkuu hiyo ni ethi (njia ya umeme kurudi betri), icheki kabla hujakata waya wowote. Angalia kitu kimoja kwanza, ukikanyaga breki mwambie mtu aangalie indiketa ya MBELE kulia, kama nayo inawaka kidogo basi tumemaliza ubishi.

Iko hivi. Umeme ukiingia kwenye globu ya stopu lazima utoke kurudi betri. Kama njia ya kutokea (ethi) imekufa, hauishii hapo, unatafuta njia nyingine, unarudi kinyumenyume kupitia globu ya jirani waliyefungwa naye pamoja. Kwako nahisi waya nyeusi za kulia zote zimefungwa skrubu moja, ya stopu na ya indiketa, na hiyo skrubu imeshika kutu. Kwahiyo moto wa stopu unapanda kwenye globu ya indiketa kinyume, unafuata waya wa indiketa mpaka mbele, unapita globu ya mbele ndo unapata bodi. Globu zote hizo zimegawana volti 12 ndo maana hamna hata moja inayowaka kwa nguvu.

Pima usikisie. Weka mita kwenye volti za DC, waya mmoja kwenye negative ya betri yenyewe, mwingine kwenye chuma cha soketi ya taa ya kulia, halafu mtu akanyage breki. Ethi nzima inasoma karibu na sifuri, 0.1 au 0.2 hivi. Ikisoma volti kadhaa ujue hapo hamna ethi. Ni lazima taa iwe inawaka wakati unapima, ukipima imezimwa utaona sifuri tu na utadanganyika. Na wale wanaopima kwa mlio wa mita pia wanadanganyika, uzi mmoja wa shaba uliobaki unatosha kupiga mlio ila hautoshi kubeba taa.

mzee_wa_109

Mangi umeona kama vile uko hapa kwangu. Indiketa ya mbele kulia nayo inawaka kidogo nikikanyaga breki. Mita kulia inasoma karibu volti 5, kushoto 0.1. Na nimefungua, kweli nyeusi zote mbili ziko chini ya skrubu moja kwenye bodi, ukiigusa inazunguka yenyewe na imezungukwa na unga mweupe. Sasa je, nikisafisha hiyo skrubu ndo basi nyaya nyingine niache?

kijana_kijenge

Skrubu isafishe leo ili uthibitishe, lakini mzee kwa nyaya ulizoeleza hizo za kuvuta zote. Shaba ikishakuwa nyeusi haishiki lehemu na hata ukiibana na teminali mpya unabana uchafu, na ule weusi hauishii pale ulipokata, unaingia ndani ya plastiki, unaweza kuchuna sentimita kumi ukaukuta bado. Ndo maana watu waliunga hapo mara nyingi, kila aliyeunga aliunga kwenye waya uliokwisha. Hiyo ya saa moja utairudia baada ya masika.

Ule unga mweupe ni bodi yenyewe inaliwa. Bodi ya Land Rover ni aluminiamu na skrubu ni chuma, vikikaa pamoja na maji yakaingia aluminiamu ndo inayooza. Na fikiria njia ya ethi ilivyo, kutoka taa kwenda bodi, bodi kwenda bolti, bolti kwenda chesisi, chesisi kwenda betri, kila kiungo hapo kina kutu yake na rangi yake. Tena wewe umesema chesisi umepiga rangi mpya, rangi haipitishi umeme! Mi ushauri wangu usiitegemee bodi kabisa. Kila taa ipe waya wake mweusi, zikutane sehemu moja kwenye chesisi, hapo kwangua rangi mpaka chuma king'ae, funga kwa bolti na washa ya meno, halafu ndo upake vaselini au grisi juu. Juu, sio katikati. Alafu hakikisha na ule mkanda mnene wa kutoka betri kwenda chesisi ni mzima.

Saizi ya waya usipate shida, stopu mbili za wati 21 ni wati 42, gawa kwa 12 ni amp 3 na nusu, pakingi ndo kabisa haifiki amp 1. Waya wa milimita mraba 1 unatosha kabisa kwa kila taa, ethi ya pamoja weka 2. Usinunue waya wa nyumba ule wa uzi mmoja mgumu, kwa rasta za barabara za huku utakatika ndani ya plastiki na nje huoni kitu. Nunua wa nyuzi nyingi wa gari, na kabla hujalipa kwangua uzi mmoja kwa kisu, ikionekana nyeupe ndani ni aluminiamu iliyopakwa shaba, achana nao.

dada_njiro

Nakubaliana na kijana wa Kijenge, naongezea suala la rangi kwasababu hapo ndo urithi wa hii gari ulipo na naona watu wanaupuuza. Baba alituachia Series III na kilichotuokoa ni kwamba hakuna aliyebadilisha rangi za nyaya, unafuata tu. Waingereza walikuwa na utaratibu wao: nyekundu ni pakingi, kijani yenye mstari wa zambarau ni stopu, kijani yenye mstari mwekundu indiketa ya kushoto, kijani yenye mstari mweupe indiketa ya kulia, nyeusi ni ethi. Umeme unaotoka betri moja kwa moja ni kahawia, sio nyekundu. Sasa mafundi wetu wengi wamekulia kwenye Toyota, na Toyota ethi ni nyeupe yenye mstari mweusi, kwahiyo akiona nyekundu anadhani ni ya betri. Ukivuta zote nyekundu kama alivyosema huyo wa pili, mtu atakayefungua hiyo gari miaka ishirini ijayo, labda mwanao, atakaa siku nzima na testa kutafuta ipi ni ipi. Kama huzipati zenye mistari dukani basi tumia hata kijani tupu lakini vika kipande cha rangi husika kila mwisho, na chora mchoro uweke kwenye gari.

Viungo vya asili ni vile vya shaba vyenye umbo la risasi ya bunduki vinavyoingia kwenye kikopo cha mpira, usivitupe, vinapatikana vipya na vikibanwa vizuri ni imara sana. Siombi ubishane na mafundi ila kwenye gari inayotikisika lehemu sio suluhisho, inapanda kwenye nyuzi na kuzifanya ngumu, na pale ugumu unapoishia ndo waya unapokatikia. Bana kwa koleo lenyewe la kubania, halafu vika mpira unaosinyaa ukipashwa moto. Tepu nyeusi ya kawaida kwa jua la huku gundi inayeyuka mwaka wa kwanza.

fundi_waya_pasua

Dada umeongea vizuri sana. Mzee wa 109 kuhusu kuvuta, nyaya za nyuma zinapita ndani ya chesisi. Kabla hujang'oa ya zamani funga kamba imara mwisho wake, ivute polepole itoke na kamba, halafu kamba ndo ivute mpya. Kama tope limegandisha ya zamani ndani usilazimishe ikakatika, piga upepo wa kompresa kwanza pande zote. Na wakati unavuta mpya pitisha na kamba nyingine uiache humo humo, siku ukitaka waya wa trela utashukuru.

La muhimu zaidi, kama kile chuma cha kukingama cha nyuma ya chesisi (krosimemba) kina sehemu ya kuchomelea, chomelea KABLA. Nimeona nyaya mpya kabisa zimeungulia ndani ya chesisi kwasababu mwenye gari alikumbuka kuchomelea baadaye. Na kila tundu nyaya inapoingia na kutoka weka mpira wake, chuma kitupu kinakata plastiki taratibu mpaka inapiga shoti. Ukifika kwenye fyuzi angalia, fyuzi za glasi za Lucas zilizoandikwa 35 zinabeba amp 17 kwa muda wote, hiyo 35 ndo ya kukatikia. Ukiweka fyuzi ya kisasa ya 35 umeweka kubwa kupita kiasi, waya utaungua kabla ya fyuzi.

mzee_wa_109

Asanteni sana, nimeelewa, navuta zote na ethi zake na rangi zake. Krosimemba ya nyuma ina kona moja imeoza, hiyo naanza nayo. Swali la mwisho, nikishafunga naweza kuweka LED ili ziwake kwa nguvu zaidi?

msafiri_tengeru

Nadandia hapo hapo, mi nina Series II ya 1960 na betri imefungwa positive kwenye bodi, nilinunua LED hazikuwaka kabisa nikajua mbovu.

fundi_waya_pasua

Msafiri yako sio mbovu. Hiyo gari ilitoka kiwandani ethi yake ikiwa positive, globu ya kawaida haijali umeme umeingia upande gani ila LED inajali, lazima upate zilizotengenezwa kwa positive ethi au zile za pande zote.

Mzee wa 109, yako ni negative, zitawaka. Kwa stopu chagua LED nyekundu maana nyeupe nyuma ya kioo chekundu inapoteza mwanga. Kwa indiketa flasha yako ya asili (kile kidude kinachofanya indiketa zipepese) inafanya kazi kwa joto la umeme unaopita, LED inakula kidogo mno, itawaka bila kupepesa. Itabidi ubadilishe flasha iwe ya elektroniki. Lakini mi ningekushauri ufunge kwanza globu za kawaida, ile ya wati 21 na 5 yenye pini zilizopishana urefu, na uhakikishe haijalazimishwa kinyume maana hapo pakingi inakuwa kali na stopu hafifu. Pima volti kwenye soketi ukiwa umekanyaga breki. Ukikuta imepungua zaidi ya nusu volti kutoka ya betri na ethi ni nzima, fungua swichi ya stopu, meno yake yatakuwa yameungua.