Mjadala: Makombe ya Brian Clough, mangapi ni ya Peter Taylor?

Mleta mada

Wakuu, leo naomba tubishane kuhusu marehemu wawili wa soka la Uingereza, kocha Brian Clough na msaidizi wake Peter Taylor. Nje ya uwanja wa Derby County kuna sanamu ya Brian Clough na Peter Taylor, wamesimama pamoja na kombe la ubingwa wa ligi walioipa Derby mwaka 1972. Nenda Nottingham, jirani tu hapo, katikati ya mji utamkuta Clough peke yake. Kocha ni yuleyule, msaidizi ni yuleyule, na makombe makubwa zaidi waliyachukulia Nottingham. Mimi nasema Derby ndio wamepatia.

Kwa vijana wasiomjua: kabla ya ukocha Clough alikuwa straika hatari. Middlesbrough alicheza mechi 222 akafunga mabao 204. Akahamia Sunderland akaendelea kutikisa nyavu, mpaka Desemba 26, 1962, mechi na Bury, alipogongana na kipa na goti likakatika mishipa. Alikuwa na miaka 27. Alijaribu kurudi, goti likakataa.

Taylor yeye alikuwa kipa wa Middlesbrough, amemzidi Clough karibu miaka saba. Alimkuta Clough hana namba kikosi cha kwanza, akaanza kumpigia debe kwa kila aliyetaka kusikia. Mwaka 1965 Clough alipopewa Hartlepools United, timu ya mkiani daraja la nne, Taylor alikuwa kocha mkuu wa Burton Albion. Akaacha ukubwa wake akaenda kuwa namba mbili. Wangapi hapa wangekubali?

Sasa ushahidi wangu. Clough aliingia Nottingham Forest Januari 1975, timu iko daraja la pili. Msimu ule wakamaliza wa 16, uliofuata wa 8. Julai 1976 Taylor akafika. Msimu wake wa kwanza wakapanda daraja. Wa pili, mabingwa wa Uingereza, pointi 7 juu ya Liverpool. Wa tatu, Kombe la Ulaya (siku hizi Ligi ya Mabingwa) mbele ya Malmö kule Munich. Wa nne, wakalitetea mbele ya Hamburg, Madrid. Kocha hakubadilika, aliyeongezeka ni mtu mmoja.

Na usajili je? Kenny Burns alikuwa mshambuliaji mkorofi wa Birmingham, kila mtu anamwogopa. Inasimuliwa kwamba Taylor alimfuatilia kimyakimya mpaka kwenye mbio za mbwa kuona kama kweli kamari imemshinda. Wakamsajili, wakamrudisha beki wa kati, na mwaka 1978 waandishi wakamchagua mchezaji bora wa mwaka. Garry Birtles aliokotwa timu ya mtaani, Long Eaton United, kwa pauni 2,000. Clough alikwenda kumtazama akarudi anasema supu ya mapumziko ilikuwa tamu kuliko mchezaji mwenyewe. Miaka miwili baadaye Birtles anaifunga Liverpool kwenye Kombe la Ulaya.

Mchangiaji 1

Mkuu, umechagua nyama ukaacha mifupa. Frank Clark, John McGovern na John O'Hare walisajiliwa na Clough mwaka 1975, Taylor bado ni kocha wa Brighton. McGovern ndiye nahodha aliyenyanyua Kombe la Ulaya mara mbili! Robertson, Martin O'Neill, Woodcock na Viv Anderson walikuwapo Forest hata kabla ya Clough. Hiyo miezi 18 unayoibeza ndiyo iliyomwaga zege. Taylor kaja kupaua.

Halafu pima kila mmoja akiwa peke yake. Taylor alibaki Brighton miaka miwili, daraja la tatu, hakupanda. Akarudi Derby mwishoni mwa 1982 kama kocha mkuu. Ukiacha kuifunga Forest 2-0 kwenye Kombe la FA Januari 1983, kuna nini? Aprili 1984 ameondoka, na msimu huo Derby wakashuka hadi daraja la tatu.

Clough pale Forest bila Taylor, baada ya 1982: nafasi ya 3 ligi kuu mara tatu, Kombe la Ligi 1989 na 1990, fainali ya Kombe la FA 1991. Kuna makocha wanajengewa sanamu kwa nusu ya hayo.

Mchangiaji 2

Leeds, 1974, kabla ya Forest. Clough alidumu siku 44 tu kama kocha. Mechi sita za ligi, kashinda moja. Aliwaambia wachezaji waliotoka kuchukua ubingwa watupe medali zao kwenye pipa la taka, maana walizipata kwa hila. Taylor alikuwa wapi? Brighton, alikataa kwenda. Hakukuwa na mtu wa kumvuta shati. Kibarua kikaota nyasi.

Mchangiaji 1

Leeds ile wachezaji walikuwa bado wa Don Revie, kocha aliyemtangulia Clough, roho na mwili. Ungepeleka Taylor wanne, wangetimuliwa wote watano.

Mchangiaji 3

Naona wote mnamkwepa shetani wa hadithi hii. Mnamsifia Taylor kwa jicho la kuona wachezaji. Sawa. Ian Wallace mwaka 1980, zaidi ya pauni milioni. Peter Ward mwaka huohuo, na huyu Taylor alimjua tangu Brighton. Justin Fashanu 1981, milioni nyingine. Wote walikuja Taylor akiwa ofisini, na hakuna aliyefikia bei yake. Wakati huohuo Birtles, yule wa pauni 2,000, wakamuuza Manchester United. Timu ya ubingwa waliivunja wenyewe, wote wawili, ndani ya miaka miwili.

Sasa nenda 1990. Clough ana miaka minane bila Taylor, anamleta kijana wa Cobh Ramblers ya Ireland kwa pauni 47,000. Jina lake Roy Keane, aliyekuja kuwa nahodha wa Manchester United. Hilo nalo ni jicho la nani?

Mleta mada

Mchangiaji 3 umenikamata, hasa kwa Ward. Hoja ya jicho naipunguza. Nilikuwa namfanya Taylor mchawi, na mchawi hafai kuwa ushahidi.

Lakini msingi siuachi. Clough mwenyewe alikiri kwamba yeye ni kioo cha duka, bidhaa ziko nyuma kwa Taylor. Mtu mwenye majivuno kama yake hasemi hivyo kwa adabu tu. Ninachoona ni kwamba Taylor alikuwa na ruhusa ya kumbishia, na pale klabuni ruhusa hiyo hakupewa mwingine.

Angalia msimu wa 1992/93. Beki Des Walker kauzwa Italia. Teddy Sheringham kauzwa Tottenham ligi ndiyo kwanza imeanza, na straika wa kuziba pengo hakuletwa. Forest wakamaliza wa mwisho wakashuka, na Clough akastaafu kwa aibu ambayo hakustahili. Katika benchi lile la ufundi nani angemgongea meza akamwambia hapa unakosea?

Kinachouma zaidi ni walivyoachana. 1983 Taylor akiwa Derby alimsajili John Robertson, winga wa Forest, Clough akaona ameibiwa. Hawakuzungumza tena hadi Taylor alipofariki Oktoba 1990. Miaka saba kwa ajili ya winga mmoja.

Mchangiaji 1

Kwa haki tuseme, Forest nao mwaka 2015 waliliita jukwaa kuu la uwanja wao kwa jina la Peter Taylor. Kwa hiyo hiyo sanamu moja isikuumize sana, mkuu. Bado nasema bila Clough, Taylor angebaki Burton.

Mchangiaji 2

Nami niwaachie swali. Mwaka 1967, Clough na Taylor ndiyo kwanza wameipata Derby. Wanamtaka beki kijana wa Tranmere, Roy McFarland, na yeye ndoto yake ni Liverpool. Wakaenda nyumbani kwao usiku, wote wawili, dogo akashuka na nguo za kulalia. Clough akaongea mpaka baba mtu akasema kama wanakutaka hivi, saini. Pauni 24,000, na miaka mitano baadaye ni nahodha wa mabingwa. Aliyekuwa amemwona uwanjani na kumpendekeza ni Taylor. Saini ile tuiandike kwa nani?