Miche ya popi inanyauka ikihamishwa: nifanyeje?

Mama_Bustani
Wadau, habari zenu. Niko Leicester, Uingereza, nina kibustani nyuma ya nyumba, udongo wa mfinyanzi. Miche ya popi nyekundu, lile ua la bustani, iliota vizuri kwenye trei, nikaihamishia nje ikanyauka yote, na maji nilikuwa namwagilia kila jioni. Tatizo ni nini? Na je, mbegu zake naweza kutuma nyumbani Tanzania?

Fundi Mboji
Tatizo ni mzizi, dada. Popi ina mzizi mkuu mmoja mwembamba unaozama moja kwa moja. Ukikatika au kupinda, mche hauinuki tena. Achana na trei. Mwaga mbegu pale pale zitakapochanulia, kati ya mwezi wa tatu na wa tano, au mwezi wa tisa ukitaka maua ya mapema mwakani.

Lainisha udongo kwa reki, umwagilie kwanza, ndipo upande. Mbegu ni ndogo kama vumbi, kwa hiyo chukua kiasi cha kubana kwa vidole viwili, changanya na kikombe cha mchanga mkavu, utawanye kwenye mita moja ya mraba. Usifukie! Zinataka mwanga ili ziote. Gandamiza tu kwa ubao. Baada ya wiki mbili au tatu utaona majani. Miche ikifika sm 3 punguza, ibaki sm 20 hadi 30 kati ya mche na mche. Kata kwa mkasi, maana ukiing'oa unatikisa mizizi ya jirani yake.

Kijani Kibichi
Naongezea kuhusu mfinyanzi. Inua tuta kama sm 15 na uchanganye kokoto ndogo, maji yasituame. Miche ikilala kwenye unyevu huoza shingoni, na kumwagilia jioni kunazidisha. Mwagilia asubuhi, chini kwenye shina. Samadi usiweke kabisa: nitrojeni ikizidi unapata majani manene na mashina yanayolala, maua haba.

Mama_Bustani
Asanteni sana. Na maua ya kuweka kwenye chombo mezani? Yanapukutika upesi mno.

Fundi Mboji
Usingoje lichanue. Tumba lenye vinyweleo huwa limeinama. Likisimama wima na kuanza kuonyesha wekundu kwenye ufa, likate asubuhi, chovya ncha ya shina kwenye maji ya moto sana kwa sekunde 20 hadi 30, kisha weka kwenye maji baridi.

Kijani Kibichi
Suala la kutuma mbegu, usizitie kwenye bahasha tu. Mbegu za kupanda zinahitaji kibali cha kuingizia na cheti cha afya ya mimea. Tena kuwa makini na pakiti za mchanganyiko: nyingine zina Papaver somniferum, popi ya afyuni. Huko Uingereza watu wanaipanda kama ua la bustani, lakini Tanzania na Kenya sheria inakataza kuilima. Soma jina la kisayansi nyuma ya pakiti. Unayotaka wewe ni Papaver rhoeas, hiyo popi nyekundu.