Kulinganisha pini tu haitoshi! Nimeuziwa cheni ya mashine za kiwandani kwa ajili ya gokati

Wakuu, leo sina salamu ndefu. Nimechoka na wauza spea wa hapa Kampala ambao kwao cheni ni cheni tu.

Gokati yangu, kigari cha mbio, nilichomelewa fremu Katwe, injini ni ya 196 cc, ile ya kawaida ya farasi 6.5, na sproketi zote mbili (magurudumu ya meno yanayoshika cheni) ni za cheni saizi #35. Cheni ilipochakaa nikaenda duka moja mjini na kipande chake mkononi. Kipande, jamani! Nilikibeba ili tusibishane. Jamaa kwanza akanitolea 428 ya bodaboda: "Ssebo, chukua hii, ni nene, haikatiki." Ile ni 12.7 mm kutoka pini hadi pini, yangu ni 9.525. Ingekaa wapi? Na huo unene anaousifu ni mzigo tu kwa injini ndogo.

Akaingia stoo, akatoka na nyingine, akailaza kaunta sambamba na kipande changu. Pini zikalingana zote. Nikalipa 90,000.

Hapo ndipo nilipoingizwa mjini. Ile ni 06B, cheni ya mashine za kiwandani. Pini kwa pini ni 9.525 vilevile, lakini rola yake, ile pete inayozunguka na kukaa kwenye meno, ina kipenyo cha 6.35 mm, wakati #35 haina hata rola, ina bushi tu (kipipa kinachovaa pini) ya 5.08. Kwa hiyo haizami hadi shina la meno, inaelea juu juu. Ukiizungusha kwa mkono huoni kitu. Mzunguko wa nne, mwisho wa ile sehemu iliyonyooka, nikasikia tak-tak-tak, kisha kishindo kama bati limepigwa nyundo. Cheni imeruka, kava limekunjika, meno ya sproketi ndogo yamekuwa ya papa. Bila lile kava ningekuwa nauandika uzi huu kwa mkono mmoja.

Kurudi dukani: "Mali ikishauzwa hairudi. Halafu hukufunga vizuri." Mchezo wa cheni, yaani kulegea kwake, niliacha kama sentimita moja na nusu, sproketi nilizipanga kwenye mstari mmoja kwa rula. Nifungeje tena, kwa gundi?

Na nyie mnaomwambia kila mtu ahamie cheni ya 219 "ndiyo ya mashindano", tulieni. Kweli gokati nyingi za 125 cc za mipigo miwili zinaitumia, pini ziko 7.775 mm, ni nyepesi na unabadilisha uwiano wa meno kidogo kidogo. Ila lazima ununue sproketi mpya mbele na nyuma. Mimi nilitaka cheni.

Mwenye #35 halisi, pingili 106, ataje bei hapahapa hadharani, si inboksi. Nakuja na vernia, kile kipimo cha milimita, na pesa haitoki mfukoni kabla sijapima bushi.